MWENYE BENDERA NYEKUNDU SI MHALIFU
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Sisi watu wa reli twajua kazi ya bendera nyekundu. Tukiona reli imepasuka twaiinua, na gari husimama. Hatujapata kuona mwenye bendera akishtakiwa ati amechelewesha abiria.

Basi sikieni mambo ya jimbo la Idaho, Marekani. Mwaka 2012 watetezi wa wanyama walitoa picha za sinema zilizopigwa kwa siri katika zizi la ng'ombe wa maziwa, wanyama wakipigwa. Februari 2014 jimbo likatunga sheria. Je, ya kumlinda ng'ombe? La, ya kumshika mwenye kamera. Aliyepiga picha za kazi ya shamba bila ruhusa ya mwenye shamba aliweza kufungwa hadi mwaka 1. Aliyemtesa mnyama, kwa kosa la kwanza, kifungo chake hakikuzidi miezi 6!

Mwingine atauliza: ng'ombe wa Idaho watuhusu nini sisi tunaotafuta mshahara? Ndugu, katika mazizi yale yumo mfanya kazi pia. Akipiga picha ya mashine mbovu inayokata vidole vya wenzake, naye angeshikwa kwa sheria ile ile.

Mwaka 1904 mwandishi Upton Sinclair alikwenda Chicago, akavaa nguo za kazi, akaingia kati ya watu wa viwanda vya nyama. Kitabu chake cha 1906 kilifichua uchafu wa nyama na taabu ya wafanya kazi, na mwaka huo huo Marekani ikapata sheria ya kukagua nyama. Agosti 2015 jaji aliyeitengua sheria ya Idaho alisema kuwa Sinclair angeshtakiwa kwa sheria hiyo. Januari 2018 mahakama ya rufani ikakubali kwamba kukataza picha ni kinyume cha katiba, ingawa iliviacha vifungu vingine visimame.

Hatusemi mtu achome zizi au aibe mali. Hayo ni makosa, na sheria zake zipo tangu zamani. Lakini wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 37, yatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Basi tukisikia sheria mpya ya "kulinda mali", tuisome neno kwa neno, hata ikiwa imeanzia kwa ng'ombe. Tuulize: yamshika aliyeharibu reli, au aliyeinua bendera?

Umoja ni nguvu.