MGONGO WA MCHUMA CHAI NA KISU CHA DAKTARI

Maneno ya halmashauri ya tawi, yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Jumapili



Twawashukuru nyote mliotembea katika matope kuja kutusikiliza. Leo hatutasema habari za ada wala za uchaguzi. Twataka kusema habari za mgongo, kwa maana hapa Kericho na Bomet ni nyumba chache za wachuma majani zisizoyajua maumivu yake.

Mwenzetu mmoja, mama aliyechuma majani chai kwa miaka 19, atapasuliwa mgongo mwezi ujao. Ametupa ruhusa tuseme habari zake, bali jina lake tusilitaje. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta na furaha ambayo hatukuiona usoni pake kwa muda wa miaka mitatu. Alituambia, "Nikipona nitalala usiku mzima, na Jumapili nitakwenda kanisani kwa miguu yangu." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kikapu je? Kitakuwa kinaningoja?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyepata kubeba kikapu hudhani kuchuma majani ni kazi ya vidole. Sisi twajua kuwa vidole hukata majani mawili na kichipukizi, lakini kiuno ndicho kinachofanya kazi. Mtu huinama juu ya michai, hunyosha mikono, hujipinda na kutupa majani nyuma katika kikapu, tena na tena tangu asubuhi. Kikapu kikijaa hushuka nacho mteremko wenye utelezi mpaka kwenye mizani. Na kwa kuwa hulipwa kwa kilo, anayepumzisha kiuno chake hupunguza mshahara wake mwenyewe.

Mama yetu alianza kusikia maumivu kiunoni. Baadaye yakateremka pajani mpaka vidole vya mguu wa kushoto, na mguu ukaingia ganzi. Alimeza vidonge, akajifunga kiuno kwa leso, akaendelea. Wenzake wa mstari walimtilia konzi mbili tatu kikapuni ili karani asimwandikie kilo chache. Ulikuwa upendo, nasi hatuulaumu. Lakini upendo huo ulificha ugonjwa, maana katika daftari ya shamba mama huyu alionekana mzima siku zote.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu mtu asiyeujua huogopa kisu bure au hukitumaini kupita kiasi. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kitu kama mto mdogo, ambacho madaktari hukiita diski. Ganda lake ni gumu, na ndani mna ute mzito. Ganda likipasuka, ute hutoka na kuweza kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo sababu ugonjwa uko kiunoni na mtu hulia mguu. Pingili za chini kabisa ndizo ziumiazo zaidi, kwa kuwa ndizo zinazochukua uzito wa mwili na mzigo wote.

Katika mwaka wa 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, waliandika habari za wagonjwa wa namna hii na kuonyesha kuwa kipande kinachobana kikiondolewa, mguu hupata nafuu. Tangu siku hizo kazi hiyo imeendelea sana. Leo tundu huwa dogo, picha hupigwa kwanza kwa mashine ya sumaku ili daktari ajue mahali penyewe, na wagonjwa wengi husimamishwa kutembea siku ile ile au siku ya pili.

Je, basi kila mwenye maumivu ya mgongo akimbilie kisu? Hapana. Wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu kwa majuma 6 hadi 12 bila kupasuliwa, wakipewa dawa, mazoezi, na kupunguziwa mzigo. Huko Uholanzi wagonjwa 283 walipimwa kwa namna hii: nusu walipasuliwa mapema, nusu wakangojeshwa wakiangaliwa, na habari zao zikachapishwa mwaka wa 2007. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi. Lakini ulipotimia mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, ingawa baadhi ya wale waliongojeshwa walilazimika kupasuliwa baadaye. Kwa hiyo kisu ni njia ya mtu aliyekwisha kungoja bila kupona. Mama yetu amengoja miaka mitatu.

Kadhalika tujue ya kuwa upasuaji huu huponya maumivu ya mguu kuliko maumivu ya kiuno chenyewe. Wako wanaopata maambukizo katika kidonda. Wako ambao diski ile ile huwatokea tena. Madaktari hutaja kama wagonjwa 5 hadi 15 katika kila 100. Hatusemi haya ili tumvunje moyo mwenzetu. Yeye amekwisha kuyasikia kwa daktari, na bado anaingoja siku yake kwa furaha. Mtu aendaye akijua, hurudi bila kudanganyika.

Neno moja la hatari lazima kila mtu alishike. Mwenye maumivu ya mgongo akiona hawezi kukojoa, au mkojo au choo kinamtoka bila kujua, au ganzi imeshika katikati ya mapaja, au miguu inalegea ghafula, asingoje kesho. Apelekwe hospitali kubwa saa ile ile. Huyo akicheleweshwa huenda asipone tena.

Sasa tunalirudia swali la kikapu.

Aliyepasuliwa huambiwa kwa kawaida asinyanyue kizito kwa muda wa majuma 6 hivi, na kazi nzito huweza kungoja miezi 3. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika mwaka. Jumla ni siku 14. Ndugu zetu, hesabuni wenyewe. Daktari ataka siku 42, na sheria kwa uchache wake yatoa 14. Mapatano ya chama na matajiri huweza kutoa zaidi, basi kila mmoja ayasome ya shamba lake kabla hajaugua. Lakini hapo katikati ndipo wengi wameharibika. Mtu hurudi mstarini kidonda hakijakauka, kwa sababu watoto hawali barua ya daktari. Akirudi kwenye mzigo ule ule na mteremko ule ule, kazi ya daktari imemwagika.

Iko sheria nyingine, ya Faida za Majeraha Kazini, ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo aliyeumia kazini ana haki ya matibabu na fidia. Lakini haki hiyo huanza kwa taarifa. Ajali isiyoarifiwa kwa mwajiri katika miezi 12 huweza kupoteza haki yake. Mwajiri akiarifiwa hupaswa kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga.

Mmesikia habari za wachuma majani wa Kericho, zaidi ya 1,000, waliodai mbele ya mahakama ya Edinburgh, Scotland, kwamba migongo yao iliumia katika kazi ya kampuni ya James Finlay (Kenya). Mwaka wa 2022 mahakama iliwaruhusu kudai kwa pamoja. Mwezi wa Novemba 2023 majaji wa rufani waliisimamisha kesi hiyo ili madai yapitie kwanza njia ya sheria ya Kenya. Sisi hatuhukumu nani alikuwa na haki. Twachukua fundisho moja tu: hata madai yakivuka bahari, huulizwa karatasi za hapa nyumbani. Mgongo ulioumia polepole ni mgumu kuuthibitisha kuliko mkono uliokatwa na mashine. Ushahidi wake ni daftari ya zahanati, tarehe kwa tarehe.

Wako watakaosema kazi nyepesi haipo tena. Ni kweli mashine za kuchuma zimepunguza nafasi, na sote twakumbuka hasira ya Mei 2023, mashine zilipochomwa moto hapa Kericho. Lakini mashine nayo hubebwa na mtu na kutikisa mikono na mgongo wake. Na kazi za kukaa au kusimama wima hazijakwisha: kitaluni mwa miche, kwenye mizani, kupokea na kuchagua. Aliyetoa miaka 19 ya mgongo wake hatuoni kuwa anaomba sadaka akiomba miezi 3 ya kazi hiyo.

Kwa hiyo halmashauri imekata shauri hivi, nasi twaomba mkutano huu ukubali.

Kwanza, barua ya kuomba kazi nyepesi kwa mama yetu ipelekwe kwa mwajiri kabla hajapasuliwa, pamoja na maneno ya daktari.

Pili, mwakilishi wa kila kambi awe na daftari. Kila anayeumwa mgongo aandikwe tarehe, mahali, na kazi aliyokuwa akiifanya, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Tuendelee kuwatilia wenzetu konzi za majani, lakini tusiache kuandika.

Tatu, atakayepasuliwa ahakikishe mapema kuwa michango yake ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa ile bima ya zamani tangu Oktoba 2024, imelipwa, na aulize hospitali ni kiasi gani kitakachobaki juu yake. Deni lisimkute kitandani.

Nne, kwa majuma yale 6, majirani wa kambi wagawane zamu za kumtekea mama maji na kumpasulia kuni. Ndoo ya lita 20 ni mzigo kama kikapu, na nyumbani hakuna sheria ya kumlinda ila sisi.

Mama yetu, ulituuliza kama kikapu kitakungoja. Daktari atafanya sehemu yake kwa saa chache. Sehemu iliyobaki ni ya miezi, nayo ni juu yetu. Twataka urudi ukute barua imejibiwa, maji yako mtungini, na kikapu kimewekwa juu mpaka daktari aseme.

Wanaokubali, wainue mikono.