Saa Inayokumbuka Mwaka Mrefu

(Hotuba ya mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama na wanafunzi wa sasa)



Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio. Nimemwomba Ndugu Mwenyekiti nibadili, kwa kuwa mafanikio ya mtumishi wa serikali wa cheo changu yatakwisha kusimuliwa kabla chai haijapoa. Nitazungumza juu ya saa za mkono, na hasa aina moja ambayo sijapata kuwa nayo na sitakuwa nayo.

Wenzangu watakumbuka kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa mgonga kengele. Mwalimu wa zamu alinikabidhi saa yake ya kutia ufunguo, nayo ilikuwa na kidirisha cha tarehe. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuandika tarehe kwenye ubao wa matangazo kila alfajiri. Asubuhi ya tarehe 1 Machi niliandika, kwa hati nzuri kabisa, "29 Februari", na mwaka wenyewe haukuwa mwaka mrefu. Shule nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia saa ile inajua jambo moja tu, kuhesabu mpaka 31. Nikamwuliza kama ipo saa inayojua zaidi. Akasema, "Ipo, mwanangu, lakini haiuzwi kwa mshahara."

Saa hiyo huitwa ya kalenda ya kudumu. Ndani yake mna gurudumu dogo linalozunguka mara moja tu kwa miaka minne, na ukingo wake umegawanywa sehemu 48, kila sehemu mwezi mmoja. Mwezi wa siku 31 hauna mkato. Wa siku 30 una mkato mfupi. Februari zina mikato mirefu, na ile ya mwaka mrefu imepunguziwa kidogo. Wenzo mmoja mwembamba hutumbukiza mdomo wake katika mkato, na kadiri unavyozama ndivyo unavyojua mwisho wa mwezi uruke siku ngapi. Basi, hicho ndicho kichwa chake chote: siku 1,461 zilizochongwa kwenye chuma. Hakuna betri, ni kamani tu inayojikunjua.

Juu ya hayo mafundi wakaongeza kronografu, yaani mshale wa kupima muda unaoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa kwa vitufe viwili vya ubavuni. Neno hilo maana yake ni mwandika muda, na halikutokea bure: mwaka 1821, huko Paris, Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi kwa chombo kilichodondosha wino juu ya uso wa saa. Kuviweka vyote viwili, kalenda na kronografu, ndani ya kitu cha kuvaliwa mkononi ni kazi ya kumtoa mtu macho. Nyumba ya Patek Philippe ya Geneva ndiyo ya kwanza kuitoa kwa mfululizo, mwaka 1941, wakati Ulaya inaungua. Waliipa namba 1518, na mpaka 1954 walikuwa wametengeneza 281 tu. Ikafuata 2499, iliyotengenezwa tangu 1951 hadi 1985, jumla 349. Gawanyeni wenyewe, vijana wa hesabu: ni kama saa kumi kwa mwaka.

Sasa wakusanyaji. Hawa ni watu wa ajabu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Nimekuwa nikisoma vitabu vya minada yao kwa miaka mingi, kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira. Mtu wa kawaida akinunua saa kuukuu huipeleka ing'arishwe. Mkusanyaji akisikia hivyo hushika kichwa, maana kila ikipigwa msasa kingo zake hulika na bei huanguka. Uso wa asili uliofifia humpendeza kuliko uso uliopakwa upya. Tena dhahabu si kitu kwake. Zile 1518 nyingi zilikuwa za dhahabu. Za chuma cha pua zinazojulikana ni nne. Mwezi wa Novemba 1916, samahani, 2016 (mnaona mimi na tarehe), moja ya hizo nne iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11, na wakati ule hakuna saa ya mkono iliyokuwa imepata bei hiyo mnadani. Chuma! Naye Eric Clapton, mwanamuziki wa Uingereza, alikuwa na 2499 ya platini, mojawapo ya mbili tu, iliyouzwa 2012 kwa faranga zaidi ya milioni tatu.

Saa hubeba pia heshima ya mtoaji. Wenye jamaa Muscat watakubaliana nami kwamba Sultan Qaboos aliagiza saa zenye alama ya jambia usoni na kuwatunukia watu waliomtumikia. Zawadi ile ilivaliwa hadharani, na alama ilionekana na kila mtu.

Nataja hilo kwa sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya kuchambua zabuni. Usiku mmoja, yapata saa mbili, alikuja nyumbani bwana mmoja niliyemfahamu kwa sura. Alipokwisha kusalimia akaweka kisanduku mezani. "Mzee," akasema, "nimesikia unapenda saa."

Nilikifungua. Vitufe viwili, nyuso ndogo tatu, na chini dirisha la mwezi. Ndugu zangu, nisingetaka kuwadanganya ndani ya bwalo hili. Niliivaa. Nilibonyeza kitufe, mshale ukaondoka, na nikaufuata mzunguko mzima. Yule bwana alinyamaza. Alijua kazi yake. Kwa robo saa nilikuwa nikitafuta sababu, wala si ya kuikataa. Mama watoto alichungulia mlangoni akauliza, "Mgeni atakula, au anaondoka?" Nikaivua. Nikamwambia bwana yule kwamba anaondoka.

Asubuhi niliandika taarifa kwa mkubwa wangu, nikaomba nitolewe kwenye kamati. Wako waliopunguza salamu. Mmoja alinicheka, ati ile ilikuwa saa ya bandia na nimejinyima bure. Huenda alisema kweli, sikuifungua mgongo. Lakini robo saa ile ilikuwa ya kweli, na katika taarifa yangu sikuiandika. Nimeisema leo kwa mara ya kwanza.

Turudi kwenye saa. Mkipata kuishika ya namna hii, msibonyeze virekebisha tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu wakati huo magurudumu ya kalenda yamekwisha kushikana, na ukilazimisha utavunja meno. Jingine: haina udumu kama jina linavyodai. Papa Gregory wa 13 alipotengeneza kalenda mwaka 1582, aliamuru miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400 isiwe mirefu. Mwaka 2100 hautakuwa mrefu, na gurudumu la miaka minne halina habari hizo. Karibu zote zitaonyesha 29 Februari, zikiwa kosa lilelile la ubao wangu wa matangazo.

Mimi ninayo Citizen ya kawaida, niliyoinunua mkono wa pili, yenye kalenda ya kudumu na kronografu, inayoendeshwa kwa mwanga. Kitabu chake chasema haitaguswa hadi 28 Februari 2100, yaani nayo imefika palepale pa zile za mamilioni. Risiti ninayo. Leo asubuhi nimemkabidhi Mwalimu Mkuu, na imeandikwa katika daftari la mali ya shule, iwe ya mgonga kengele. Kijana, usiifungie kabatini, iweke dirishani. Na wale wa kidato cha kwanza watakaokuwa hai wakiwa na miaka themanini na kitu, asubuhi ya 1 Machi 2100 mmoja wenu aje airekebishe kabla hajaandika ubaoni.