Gazeti la Tromsø na Kadhia ya Sili

Katika pwani ya kaskazini ya Norwe, mbali kupita mstari wa Aktiki, upo mji wa kisiwani uitwao Tromsø, ambako tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na ambako mwaka 1898 lilianzishwa gazeti lililopewa jina la mji wenyewe. Mwaka 1902 kasisi mmoja msoshalisti, Alfred Eriksen, akaanzisha la pili, Nordlys, na hivyo mji ule mdogo ukawa na magazeti mawili yenye kushindana, neema ambayo miji mingi mikubwa imeikosa. Siasa zao za zamani nitazipita, kwani kadhia iliyolitia gazeti la Tromsø katika vitabu vya sheria vya Ulaya nzima ni ya mwaka 1988.

Mwaka huo Wizara ya Uvuvi ilimteua mwandishi mmoja, aliyekuwa amepata kuliandikia gazeti hilo, awe mkaguzi ndani ya Harmoni, meli ya kuwindia sili. Aliporejea aliandika taarifa ya kutisha: kwamba kanuni za uwindaji zilivunjwa, na kwamba wako wanyama waliochunwa ngozi wangali hai. Wizara, kwa kuwa taarifa ilibeba tuhuma za jinai juu ya mabaharia, ikaamua isitangazwe. Lakini gazeti likaipata, na mwezi wa Julai likaichapisha yote, kwa sehemu mbili.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa gazeti la mkoani. Mhariri wa jiji kuu aghalabu hamjui aliyemwandika, wala hatakutana naye maishani. Ilhali mhariri wa mji kama ule, ambamo sili walikuwa riziki ya jamaa nyingi tangu enzi za mababu, huamkiana gatini na dukani na watu walewale ambao asubuhi amewatia gazetini. Wasikilizaji wetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mabaharia 17 wakashtaki. Tume rasmi ikaona kuwa tuhuma nyingi za mkaguzi hazikuthibitika, na mwaka 1992 mahakama ya wilaya ikahukumu kwamba baadhi ya maneno yaliyochapishwa yaliwavunjia heshima bila ushahidi, ikaamuru kila mmoja alipwe kroner 11,000: 10,000 za gazeti, na 1,000 za mhariri mwenyewe. Kwa gazeti dogo fedha hizo hazikuwa haba, na zaidi ya fedha ilikuwapo hofu ambayo hukumu ya namna hiyo huiacha katika kila chumba cha habari.

Gazeti halikunyamaza. Lilikwenda hadi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo tarehe 20 Mei 1999, kwa kura 13 dhidi ya 4, ilitamka kwamba Norwe imevunja ibara ya 10 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ile inayolinda uhuru wa kusema. Kwani gazeti linapochapisha taarifa rasmi ya serikali juu ya jambo linalowahusu watu wote, lina haki ya kuitegemea bila ya kulazimika kuanza uchunguzi wake upya. Majaji waliopinga waliwatetea mabaharia, wakisema kuwa heshima ya mtu wa kawaida imepimwa kwa mizani nyepesi mno. Na hoja hiyo, hata kwa sisi tunaokula mkate wa habari, si ya kupuuzwa.

Lakini lau gazeti la mji mdogo lingetakiwa kwanza kumpeleka mjumbe wake barafuni ndipo lichapishe waraka wa Wizara, lisingechapisha waraka wowote. Kwa rai yangu, Wizara iliyomteua mkaguzi, ikampa mamlaka, kisha ikaifungia taarifa yake kabatini badala ya kuichunguza hadharani, ndiyo iliyopasa kuwajibu mabaharia wale, wala si gazeti.