Chini ya Mti, Wakati wa Jua Kali



Leo tunataka kuungama jambo moja mbele yenu. Sisi wazee wa baraza la kanisa letu hapa Mombasa tulikata mwarobaini. Ulisimama karibu na mlango, upande wa machweo, tangu kabla wengi wetu hatujabatizwa. Mwaka 2021 tuliona magari yamezidi, majani yanaziba mifereji ya paa, na mizizi inainua sakafu. Tukapiga kura, na mikono karibu yote ikanyoshwa. Kabla ya adhuhuri msumeno ulikuwa umemaliza kazi yake. Tukatandaza kabro, nazo zikatupendeza sana.

Hatukumwuliza mama mmoja mzee aliyezoea kuketi pale kila Jumapili kabla ya ibada, akingoja pumzi zimrudie baada ya mwendo wa kutoka kwake. Machi 2022, wakati wa joto lile mnalolijua, alianguka juu ya kabro zetu. Alilazwa hospitali siku tatu. Alipona, twamshukuru Mungu, lakini hakurudi kanisani. Alisema uwanja wetu unachoma.

Kuna wasemao kwamba joto ni joto tu, na Mombasa haijapata kuwa na baridi. Lakini mti hauzuii jua peke yake. Kila mwenye mtungi wa udongo anajua ya kuwa maji yake hupoa kwa sababu yanapenya kidogo kidogo na kukauka juu ya udongo, na yakikauka huondoka na joto. Mti hufanya vivyo hivyo: mizizi hunyonya maji, majani huyatoa kama mvuke, na hewa iliyo karibu hupoa. Saruji haina maji ya kutoa. Hunywa joto mchana kutwa, na usiku, mwili wa mzee au wa mtoto mchanga unapotaka kupumzika, huanza kulirudisha. Nasi wa pwani hewa yetu imejaa unyevu, hata jasho halikauki upesi. Na jasho lisipokauka, mwili haupoi.

Wala haya si ya pwani peke yake. Mwaka 2015 na 2016 wataalamu waliweka vipima joto Kibera na katika mitaa mingine ya mabati mjini Nairobi. Waliona kwamba mara kwa mara joto la huko lilipita lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi. Mji ni mmoja, na jua ni moja. Basi redio itangazapo joto la Nairobi, huenda silo joto la yule alalaye chini ya bati.

Tukafungua tena Mwanzo, sura ya 18. Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema, jua limewaka. Wageni watatu wanafika. Anawapa maji ya kunawa miguu na kuwaalika wapumzike chini ya mti, kabla hajataja mkate. Juu ya mkate na yule ndama tumehubiri mara nyingi. Juu ya mti, hatukumbuki hata mara moja.

Jirani zetu wa Bamburi walikuwa na machimbo ya chokaa, jangwa tupu la mawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti humo, na mivinje ikawa miongoni mwa michache iliyokubali. Siku hizi pana msitu. Ikiwa mti ulikubali kwenye mawe yale, tulijiambia, sembuse uani kwetu!

Masika ya mwaka jana tuling'oa safu mbili za kabro, tukapanda miarobaini mitatu. Nafasi nne za magari zimepotea, na mzee mmoja wa baraza bado anatununia. Vijana wanapokezana kunywesha.

Tulimpelekea yule mama habari. Akauliza miche ina urefu gani. Tukamwambia, hadi kiunoni. Akacheka, akauliza tunadhani yeye amebakiwa na miaka mingapi ya kungoja. Hatukuwa na jibu. Jumapili hii mmoja wetu atamfuata kwa gari; turubai tumekwisha kulifunga pale ulipokuwa mwarobaini, na kiti chake kiko chini yake.