Ramani ya Jengo la Umma ni Mali ya Umma



Jengo la serikali linapofunguliwa, utepe hukatwa, hotuba husomwa na funguo hukabidhiwa. Lakini jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni maarifa ya jengo lenyewe. Bomba lipi limepita chini ya sakafu ipi, nondo za unene gani zimo ndani ya nguzo, nyaya zimekatiza wapi: hayo yote hubaki katika karatasi za msanifu na kichwani mwa mkandarasi. Miaka ishirini baadaye bomba likipasuka, fundi hubomoa ukuta kutafuta kitu ambacho umma ulikwisha kulipia kukijua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi daftari la jengo laweza kuwekwa katika kompyuta. Badala ya michoro iliyotengana, mmoja wa msanifu, mwingine wa mhandisi na mwingine wa fundi umeme, hutengenezwa mfano mmoja wa kidijitali wa jengo zima. Kila mlango, nguzo na bomba huwa na vipimo vyake, aina ya vifaa vyake na mahali pake. Bomba likigongana na boriti, kosa huonekana kabla zege halijamwagwa. Kiasi cha matofali na saruji hukadiriwa kutokana na mfano huo huo, na mwisho wa kazi msimamizi wa jengo hupokea funguo pamoja na kumbukumbu kamili.

Serikali kadhaa zimekwisha kuuingiza utaratibu huu katika ununuzi wao. Nchini Finland, shirika la majengo ya serikali lilianza kudai mifano hiyo mwaka 2007. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu itaitumia ifikapo 2016. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliziruhusu nchi wanachama kuidai katika zabuni za ujenzi, kwa sharti kwamba pale ambapo vyombo hivyo havijaenea, ofisi inayotangaza zabuni iwape wazabuni njia nyingine ya kuvipata.

Hata hivyo, ni Italia inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu sheria yake ilianza kumbana mnunuzi kabla ya kumbana mkandarasi. Amri ya Wizara ya Miundombinu na Uchukuzi, Namba 560 ya Desemba 2017, iliitaka ofisi ya umma itimize mambo matatu kabla ya kudai mfano wa kidijitali kwa mtu yeyote. Kwanza, iwe na mpango wa kuwafunza watumishi wake. Pili, iwe na mpango wa kupata na kutunza kompyuta na programu. Tatu, iandike utaratibu wa kazi unaoonyesha ni nani atakayesimamia na kukagua taarifa. Zaidi ya hayo, taarifa zilitakiwa ziwe katika muundo ulio wazi, usiomilikiwa na kampuni yoyote, ili serikali isifungwe kwa muuzaji mmoja wa programu.

Wala jambo hilo halikufanywa kwa pupa. Mwaka 2019 wajibu uliangukia kazi ngumu za thamani ya Euro milioni 100 na zaidi. Kisha kiwango kikateremshwa hatua kwa hatua. Sheria ya mikataba ya umma ya 2023 ilikusudia kwamba tangu Januari 1, 2025, wajibu uanzie kazi zinazozidi Euro milioni 1. Marekebisho ya Desemba 2024 yalikipandisha kiwango hicho hadi milioni 2. Hiyo si aibu hata kidogo. Sheria inayojua kupunguza mwendo ni bora kuliko sheria ambayo kila mtu anaivunja.

Tanzania imekwisha kuvuka hatua moja muhimu. Tangu mwaka 2023, ulipotungwa pia muswada uliozaa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, zabuni za umma hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Lakini zabuni kupita katika kompyuta ni jambo moja, na jengo kuwamo katika kompyuta ni jambo jingine. Hatari iliyopo ni kuandika sharti zuri katika kabrasha la zabuni, mkandarasi akalitimiza na kulitoza gharama, halafu faili likaletwa katika ofisi ambayo hakuna mtu awezaye kulifungua. Hapo mtumishi hutia saini kupokea asichokisoma, na umma huwa umelipia daftari lililofungwa.

Kwa hiyo basi, hapana budi kuanza na watu. Ofisi za wahandisi na wakadiriaji majenzi wa serikali zijifunze kwanza. Walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kusoma mfano wa jengo kama wanavyowafundisha kusoma mchoro. Wakandarasi wadogo wapewe muda na njia, wasije wakafungiwa mlango kwa kisingizio cha maendeleo. Na mkataba useme wazi, tangu siku ya kwanza, kwamba mfano wa jengo la umma ni wa umma, kama lilivyo jengo lenyewe.