Mtandao Ukikatika, Kikundi Kisikatike

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo katika ukumbi wa parokia)





Mkutano uliopita mlituomba tuzungumze juu ya kompyuta za vikundi. Vikundi vingi hapa vina kompyuta moja au mbili za zamani, zingine za kupewa, zingine mmenunua mtumba. Mnaziunganisha na mtandao kwa simu ya mwanachama au kwa ruta ya laini, na bando mnachangia. Halafu siku watu wamekuja na vitambulisho mkononi kutafuta huduma za eCitizen, kompyuta inakataa. Siku hiyo tufanye nini?

Wacha tuanze na kisa kilichotufunza sisi wenyewe wa ofisi ya maendeleo. Jina la kikundi tunaliweka. Mwaka 2023 kikundi hicho kilinunua bando la mwezi mzima. Baada ya siku nne likaisha. Wakanunua lingine, nalo likaisha. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa katibu, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakasema wazi kwenye mkutano: huyu anatazama filamu usiku kwa pesa zetu. Sisi tuliitwa kusuluhisha. Badala ya kuuliza maswali, tulimshauri arudishe ufunguo "ili kuleta amani". Akaurudisha, akaondoka na kikundi.

Bando likaendelea kuisha.

Ndipo tukaketi mbele ya kompyuta zile mbili. Katika Windows 10 kuna ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Tulipoufungua, sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na mfumo wa kompyuta yenyewe. Ruta iliachwa ikiwaka usiku na kompyuta pia, na kila moja ilikuwa inajivutia masasisho yake. Msichana hakuwa na kosa. Tulimwendea nyumbani tukaomba msamaha, sisi pamoja na viongozi. Alirudi baada ya miezi kadhaa. Wanachama wawili waliokasirika naye hawakurudi mpaka leo.

Kwa hivyo shida ya mtandao si ya fundi peke yake. Kikundi kisichojua kutafuta chanzo cha shida kitatafuta mtu wa kulaumu.

Mtandao ni kama mradi wa maji

Nyinyi mnajua mradi wa maji. Bomba likikauka nyumbani, hung'oi bomba. Unafuata mpaipu kutoka kwa tangi mpaka uone mahali maji yamekwama. Mtandao pia una njia. Kampuni ya simu na bando ni chanzo. Ruta, au simu inayogawa, ni tangi. Waya au Wi-Fi ni mpaipu. Kompyuta ndiyo bomba la nyumbani. Tutumie ile njia yetu ya jumuiya ndogo ndogo: Ona, Pima, Tenda.

ONA. Swali la kwanza: je, zimekataa zote au ni moja? Chukua simu, iunganishe na ruta hiyo hiyo, zima data yake yenyewe, kisha ufungue ukurasa wowote. Simu ikikataa pia, shida iko juu, kwa bando, laini au ruta. Simu ikifungua, shida iko kwa kompyuta au kwa waya wake. Swali hili peke yake linapunguza kazi nusu.

Halafu angalia stima na taa. Ruta inawaka? Kama mnatumia waya, kando ya tundu lake nyuma ya kompyuta huwa kuna taa ndogo. Isipowaka, sukuma waya mpaka uingie vizuri. Zile waya za zamani hupoteza kijino cha plastiki, basi waya unalegea bila mtu kujua. Tusione aibu kusema: sisi tuliwahi kumlipa fundi nauli na chakula cha mchana, naye akaja akasukuma waya kwa kidole kimoja.

PIMA. Angalia salio la bando. Kama lipo, zima ruta, ngoja dakika moja, washa tena, uipe dakika chache itulie.

Kama kompyuta haioni kabisa jina la Wi-Fi ambalo simu inaliona, chunguza masafa. Kompyuta nyingi za zamani hushika masafa ya 2.4 GHz tu, na simu mpya inaweza kuwa inagawa kwa 5 GHz. Kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, chagua 2.4.

Kama imeunganishwa na bado haifungui kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, ubonyeze Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Angalia anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Rudi kwa waya na ruta. Kwa wale ambao kompyuta ya kwanza ndiyo inagawia ya pili, hiyo ya kwanza lazima iwe imewashwa na haijalala. Ikilala, ya pili inakauka.

Sasa jambo ambalo limesumbua wengi: tarehe. Kurasa zinafunguka moja moja, zingine zinasema muunganisho si salama. Tazama saa pembeni chini ya skrini. Ikiwa inasema ni miaka mingi nyuma, betri ndogo ya ndani imekufa. Ni mviringo kama sarafu, na nyingi zimeandikwa CR2032. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hukipima kwa saa yake. Saa ikiwa ya uongo, cheti kizuri kinaonekana kibaya. Rekebisha tarehe na kurasa zitafunguka. Kisha mbadilishe betri, la sivyo kesho ni yale yale.

TENDA. Mambo manne ya kufanya wiki hii.

Kwanza, kama mna Windows 10, ingia kwa mipangilio ya mtandao, tafuta maneno "metered connection" na uwashe, kwa kila kompyuta. Hapo inajua kwamba data yenu ni ya kupimwa, na itapunguza sana kujivutia vitu. Jioni zimeni ruta na kompyuta.

Pili, wekeni daftari la mtandao kama lile la akiba: tarehe, aliyeketi, saa, salio kabla na salio baada. Daftari linamlinda mwaminifu.

Tatu, watu watatu wajue hatua hizi, si mmoja. Akiwa mmoja, siku akiolewa au akipata kazi Nairobi, mmebaki gizani.

Nne, mjue umri wa kompyuta zenu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta kama hiyo tusifanye mambo ya benki. Kijana anayejua anaweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure. Na kila mtu akimaliza kazi, atoke kwa akaunti yake kabla ya kuinuka.

Wapendwa, kompyuta ya zamani inaweza kutengenezwa kwa betri ndogo. Jina la mtu likishachafuliwa mkutanoni, halina betri ya kubadilisha. Tuanze na waya kabla ya kumgusa jirani.

 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, shida ikitokea tunatafuta chanzo kwanza au tunatafuta mtu?
2. Nani watatu watajifunza hatua hizi, na lini?
3. Kuna mwanachama aliyewahi kulaumiwa bure? Tutamrudishaje?