Waliolala Katika Theluji



Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, imo picha ya rangi iliyochorwa na Antoine-Jean Gros mwaka 1808. Upana wake ni karibu mita 8, na kimo chake chapita mita 5. Yaonyesha uwanja wa Eylau, katika Prussia ya Mashariki. Huko, tarehe 7 na 8 Februari 1807, jeshi la Kaisari Napoleon wa Ufaransa lilipigana na Warusi na Waprussia katika baridi kali na dhoruba ya theluji. Maelfu kwa maelfu waliangamia, wala hakuna upande uliopata ushindi kamili.

Habari za vifo hivyo ziliwafadhaisha Wafaransa. Ndipo serikali ikatangaza shindano la wachoraji, na maagizo yakatolewa: wasichore mapigano yenyewe, bali siku iliyofuata, Kaisari akiuzuru uwanja na kuwafariji majeruhi. Gros alishinda. Alimchora Napoleon juu ya farasi, ameunyosha mkono kana kwamba anabariki, na matabibu wa Kifaransa wakiwahudumia adui zao waliojeruhiwa.

Lakini, ndugu zangu, tazameni sehemu ya chini ya picha hiyo. Hapo mbele kabisa Gros amewalaza wafu, wakubwa kuliko kimo cha mtu halisi, nyuso zao zimekufa rangi, theluji imewafunika. Macho hukutana nao kwanza, na Kaisari yuko nyuma yao. Mchoraji alitimiza alichoagizwa, ila hakukubali kuwaficha waliokufa.

Kumfunga adui jeraha ni tendo jema, nalo lastahili kuchorwa. Hata hivyo, huruma ya siku ya pili haiifuti amri ya siku ya kwanza. Mkono ule unaofariji ndio uliowapeleka vijana wale vitani.

Nasi pia huombwa kusimulia ugomvi wa ukoo, wa kijiji, hata wa taifa. Mara nyingi hutakiwa kuwatukuza wakubwa waliokuja kutoa pole, na kuwapitia upesi walioumizwa. Wewe mzazi, wewe mwalimu, utakapowasimulia watoto habari hizo, je, utamweka nani mbele? Waanze kuwaona walioanguka. Kisha waulize ni nani aliyewaangusha.